Pua ya Dada

Mvinyo wa matufaha wa shemeji yangu ulinuka plasta. Sitii chumvi. Ulikuwa na rangi nzuri, ukiumimina unatoa povu dogo la heshima, halafu unaupeleka mdomoni na kujikuta zahanati, unangoja kufungwa kidonda.

Shemeji ni seremala, mtaa mzima unamwita Fundi. Matufaha yakijaa sokoni huchukua makreti ya yale yaliyogongana na kuyakamua kwa mashine ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Maji yake hutiwa kwenye madumu pamoja na hamira kidogo, na kila dumu hufungwa kifuniko chenye mrija unaoishia kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke isirudi. Hukaa chumba cha nyuma yakibubujika mpaka yatulie. Kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu. Fundi alikamua. Mdogo wake, mpaka rangi wa nyumba tunayemwita Kimya kwa kuwa maneno hutoka kwake kwa shida kuliko meno, aliosha vyombo. Na Dada yangu, mke wa Fundi, alinusa.

Pua ya Dada ilikuwa na cheo katika nyumba ile. Akisema bado, dumu halifunguliwi. Akisema hamira imeshikwa na njaa na inaanza kutoa harufu ya mayai viza, Fundi hakuuliza mara mbili, aliuhamishia mvinyo dumu jingine na harufu ikaondoka. Mimi ni msusi, mikono yangu hushinda kwenye dawa za nywele, na sikuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile bila kurudishwa bombani kuosha hadi viwiko. Alinisikia harufu nikiwa bado kwenye korido. Nilikuwa nikimtania kwamba angeajiriwa polisi, mbwa wapumzike.

Msimu uliopita mvinyo ulikuwa wa harusi ya binti yao. Dada alinusa, akasema uko tayari. Ukumbini watu wakainua glasi, wakanywa funda moja, wakaziweka chini polepole. Baba wa bwana harusi akaomba maji. Uso ukamshuka Fundi, akamgeukia mkewe kumwuliza kulikoni, na Dada akasema labda vyombo havikuoshwa vizuri. Labda, alisema. Lakini mwosha vyombo alijulikana.

"Mtu asiyeweza kuosha dumu asikanyage tena kwangu," Fundi akamwambia mdogo wake, mbele ya ukumbi mzima.

Kimya hakujitetea. Alitoka nje, na hakukanyaga tena.

Msimu huu Fundi aliosha mwenyewe, na plasta ikarudi vilevile. Ndipo aliponiita. Alisema mimi nashinda na makemikali, huenda nikatambua kitu, lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akizungusha kofia yake mikononi. Akanieleza wazi kilichomnyima usingizi. Kama kosa halikuwa la uoshaji, basi alimfukuza ndugu yake wa pekee bure.

Nikaenda Jumapili asubuhi baada ya kumpaka mteja rangi ya nywele. Tulianza na linalojulikana. Mayai viza hayakuwepo. Siki haikuwepo pia, na siki huja hewa ikipenya, nasi tulikagua mirija yote tukaikuta imebana. Tukaonja maji yaliyokamuliwa muda uleule, matamu, safi, kwa hiyo tufaha halina kesi na mashine haina kesi. Fundi akaenda kuchota maji, nami nikainamia dumu tupu lililokuwa likingoja zamu yake. Nikasikia harufu. Ilikuwa dawa ya madoa, ile ya klorini inayong'arisha mashuka. Mteja wangu mmoja anayetengeneza mvinyo wa zabibu aliwahi kuniambia kwamba dawa hiyo ikibaki kwenye chombo, tunda likichachuka humo linanuka hospitali. Na Fundi alikuwa ameniapia kwamba yeye huosha kwa maji ya moto na brashi, basi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa lile dumu anuse. Akavuta pumzi ndefu, akasema limetakata, halina kitu. Alisema kwa sauti yake ileile ya hakimu.

Hapo nikaitazama mikono yangu. Rangi ya yule mteja ilikuwa ikininukia hata mimi niliyeizoea. Nilikuwa nimeshika kila kitu chumbani mle, na hakuna aliyenirudisha bombani.

"Dada, mikono yangu inanukaje?"

Akaiangalia. Halafu akakaa juu ya kreti na kunieleza, macho chini. Ile homa kali iliyomlaza kabla ya harusi iliondoka na pua yake. Hasikii kitunguu, hasikii gesi, hasikii chochote. Na kwa kuwa hakuweza tena kujua kama madumu yametakata, kila Kimya alipomaliza kuosha yeye alirudi kwa siri na kuongeza dawa ya madoa. Alitaka awe na hakika. Msimu huu alifanya hivyohivyo nyuma ya mumewe.

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nikamwuliza alipataje usingizi huku mtoto wa watu amebeba mzigo wake.

"Ningesema nini?" akasema. "Humu ndani mimi ni pua. Nikisema haipo, nabaki nani?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, nikalimeza. Nilimwonea huruma, na hilo likaniudhi zaidi. Nikamwambia avae viatu.

Kimya anaishi chumba kimoja nyuma ya gereji ya baiskeli. Alitupa viti viwili, yeye akakalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Dada alipiga moyo konde akasema yote, homa, dawa, ukumbini, bila kujipunguzia hata kidogo. Alilia katikati akaendelea. Kimya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Nilikuona ukimimina dawa. Siku nyingine nikakuona unanusa maganda yaliyooza, unasema yananukia. Nikaelewa."

Dada akamwuliza kwa nini basi alinyamaza siku ile.

"Ilikuwa harusi ya mwanao. Nilidhani utamwambia kaka mkifika nyumbani. Nilibeba lawama nikijua ni za jioni ile tu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Dada alimwomba radhi, akamwomba arudi, makreti yamefika, kaka yake anahangaika peke yake. Kimya akauliza kama kaka anajua. Dada akasema hapana, ameona aanzie kwake kwanza.

"Basi bado hujasema," Kimya akasema, akainuka kutufungulia mlango. Alitusindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, na hakuahidi kitu.

Tulipofika nyumbani Dada alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma alikokuwa mumewe, na mimi nikabaki kwenye korido. Nilitegemea kelele. Fundi hakupaza sauti. Alipotoka alikuwa amezeeka ghafla, akakaa kwenye ngazi na kuniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejua.

"Nilimwambia mbele ya watu. Wale watu wote nitawakusanya wapi?"

Wengine walitoka mbali, na mmoja alikwishafariki. Nikamwambia aende tu kwa ndugu yake, akasema ataenda, ila aende na nini mkononi? Dada alitusikia. Akajifuta uso kwa kanga, akapita kati yetu bila kumtazama yeyote, akavuka barabara hadi kwa jirani yetu mama wa duka, aliyekuwa harusini siku ile. Nikamfuata.

Alimwambia akiwa amesimama mlangoni. Kwamba mvinyo wa harusi aliuharibu yeye, hakuuharibu shemeji yake, na kwamba alijua na akanyamaza. Mama wa duka alimkazia macho, akijaribu kukumbuka.

"Mvinyo hata siukumbuki, jirani," akasema. "Ninachokumbuka ni yule shemeji yako, alivyotoka peke yake."

Dada alishika fremu ya mlango. Akasema huyo ndiye aliyekuja kumzungumzia, akaanza tena tangu mwanzo.