Vyumba vya Koloneli

Jumapili Goretti alishuka treni Sutton Coldfield, sufuria ya ugali mkononi, akapanda mtaa wenye michongoma iliyokatwa sawasawa mpaka kwenye nyumba ya koloneli. Aliwahi kuisafisha, kabla serikali ya Uingereza haijamwekea koloneli vikwazo mwaka 2006 kwa vijiji alivyochoma kule Ituri, Kongo. Sasa haikuruhusiwa kuuzwa, kupangishwa wala kuguswa, na mlango wa mbele ulikuwa na kufuli la serikali.

Koloneli aliendelea kuchoma, na nyumba iliendelea kukua. Kila kijiji kilipoungua, chumba kiliota upande wa bustani: ghala la mahindi, zahanati, kibanda cha kinyozi. Majirani walilalamika tu kwamba wanazibiwa jua. Wiki hiyo lilikuwa limetokea jiko la udongo lenye mlango wa bluu. Goretti aliujua mlango ule. Aliupaka rangi yeye mwenyewe, kijijini kwao Ituri, na simu ya mama yake ilikuwa kimya tangu Pasaka.

Ranjit, afisa wa serikali, alikuwa akiufunga kwa kufuli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi.

"Mama yangu yumo humo," Goretti alimwambia.

"Najua. Nimemsikia akitwanga. Lakini kilichomo ni mali ya koloneli, na mali ya koloneli haitoki."

"Na koloneli mwenyewe?"

"Yuko kwake. Huko mkono wetu haufiki."

Goretti alipiga hodi. "Karibu," mama aliitikia kutoka ndani, na kufuli likafunguka, maana mwenye jiko ameshakaribisha. Ranjit alilitia mfukoni.

Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Goretti alilia, akamshika mkono, akamvuta. Kizingitini mama alikwama.

"Mulango inanikatala, mwanangu. Kula kwanza."

Walikula. Goretti aliapa kwamba hatamwacha humo, na kila Jumapili alirudi, akala, akavuta. Kila Jumapili kizingiti kilishinda.

Mvua za Oktoba zilipoanza, alikuta chumba kingine kimeota kando ya jiko, kirefu, chenye madirisha mengi. Ranjit alisimama mlangoni na kufuli jipya, bado hajalifunga.

Goretti aliweka sufuria chini, akapiga hodi.

Sauti nyingi ndogo ziliitikia kwa pamoja, kama mwalimu wao alivyowafunza: "Karibu!"

Goretti alivua koti, akampa Ranjit amshikie, akaingia kuvuta.