Mzizi wa Kando ya Tangi

Maji yalikuwa yamechemka vya kutosha, lakini yalikataa kugeuka rangi. Chepkurui aliyakoroga, akayainua kwa mwiko ayatazame. Mzizi wa jeraniamu ya mwituni ukichemka hutoa wekundu wa chai ya rangi iliyokolea, na ukiuonja unakaza ulimi. Haya yalikuwa meupe-meupe, kama maji ya kusuuzia vikombe.

“Labda ni mzizi mchanga,” alijiambia.

Mjukuu wake Chelimo, wa miaka miwili, alikuwa amelegea begani pa mamake kama kitambaa kilicholowa. Tumbo lilikuwa likimwendesha tangu alfajiri. Winrose, mke wa mwanawe, ndiye aliyeuchimba ule mzizi, palepale alipoelekezwa: kando ya tangi, upande wa jikoni.

Ndivyo Chepkurui alivyoelekeza watu siku zote. Mmea wenyewe aliutoa Molo kwenye baridi, ukiwa na udongo wake, akauotesha hapa Kihoto, karibu na ziwa, katika kivuli cha tangi, akawa anaumwagia maji ya kuoshea mboga. Uliposhika aliwaonyesha majirani: majani yaliyochanika kama vidole vya kiganja, kiua cha waridi, na tunda lenye mdomo mrefu kama wa korongo. Lakini mtu akiugua, hakutaja majani. Alisema tu, nenda kando ya tangi.

Halafu ziwa likapanda. Walihama, wakarudi maji yalipotoka, wakakuta tope limefika dirishani. Mvua iliyofuata ilichipuza majani yaliyochanika palepale, naye akamshukuru Mungu bila kuinama ayatazame.

Sasa aliinama. Aliokota majani ambayo Winrose alikuwa ameyatupa mlangoni, akayasugua kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, akanusa. Hakusikia kitu. Tangu ile homa ya mwaka wa barakoa pua yake ilikuwa imekufa, na hakuwa amemwambia mtu. Chakula alikisifu kwa kukisia.

“Winrose, hebu nusa hii.”

“Mama, hapa kila kitu kinanuka matope. Hata mimi nanuka matope.” Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. “Imeiva? Mtoto ana kiu.”

“Ngoja kidogo.”

“Hiyo ngoja yako na ya gavamenti ni moja.”

Chepkurui aliligeuza jani. Ua lilikuwa bado, tunda bado. Na liko jani lingine la kwenye majimaji, la ua la manjano, linalofanana na la jeraniamu kama pacha. Ng'ombe wenyewe hulikwepa. Pale aliposugua, mkono wake ukaanza kuwasha, kisha kuchoma, kana kwamba umepakwa pilipili.

Alipogeuka, Winrose alikuwa ameshachota kwenye kikombe, anapuliza.

“Usimpe.”

“Nishampa kijiko kimoja. Kwani nini?”

Chepkurui alimpokonya kikombe, akakimwaga nje pamoja na sufuria nzima. “Si yenyewe.”

“Si ni wewe ulisema kando ya tangi?”

“Nilisema.”

“Sasa nimempa nini mtoto wangu?”

Chepkurui alivua leso yake, akamfunika Chelimo, wakatoka kutafuta pikipiki.

Kule zahanati muuguzi aliuliza mtoto amekunywa nini. Winrose alimtazama mama mkwe wake. Chepkurui akaeleza yote: tangi, ziwa, maji yaliyokataa kuwa mekundu, na pua yake isiyosikia kitu. Muuguzi alikoroga ile dawa ya maji ya chumvichumvi, akawaambia wampe kidogo kidogo, na wasitoke pale mbele yake hadi jioni.

Chelimo alimeza. Akameza tena, na haikurudi.

Mikono ya Winrose ilikuwa imekufa ganzi kwa kumbeba. Chepkurui alinyoosha yake ampokee. Winrose akamhamishia mtoto bega la pili.

“Nimemshika, mama,” alisema taratibu.