Maji ya Mmea wa Mado

Gérard alikuwa amechoka kuingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku. Lakini angefanyaje? Sebuleni alikaa mama mkwe wake, Albertine, aliyekimbia kutoka mtaa wa Katuba baada ya bomu kubomoa paa lake. Na kwa watu wa Kasai kama wao, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno, analituma kwa mkewe.

Hayo yote angeyavumilia. Vita ni vita. Kilichomtia wazimu ni mmea.

Ulikuwa mmea mfupi, haukuzidi kimo cha kikombe, majani yake manene yamejipanga duara, ya kijani yenye kingo za njano. Wazungu wa mjini waliuita ulimi wa mama mkwe. Huyu wa kwake ulimi hakuutumia, alitumia kikombe! Mado, mdogo wake Gérard, aliuacha dirishani, ndani ya kopo, siku alipopanda treni kukimbilia Kasai. "Uniwekee ile maua, yaya," alimwambia kaka yake. "Nikirudi niikute na rangi yake." Tangu siku hiyo habari zake hazikufika, na Gérard alikuwa amejiaminisha moyoni kwamba mmea ukiwa hai, Mado naye yu hai. Alijua ni upuuzi. Aliushikilia hivyohivyo.

Na mmea wenyewe hautaki makuu: mwanga kiasi, udongo ukauke kabisa ndipo upate maji kidogo, tena pembeni. Albertine aliumwagia kila asubuhi, katikati ya majani kabisa. Maji, jamani! Mabomba yamekauka tangu ONU, askari wa Umoja wa Mataifa, na jandarme, askari wa Katanga, waanze kupigana mjini, na mkewe Léonie anapanga foleni kisimani kwa ndoo moja ya watu wote.

"Mama Paulin," alimwambia mkewe, "umuambie Mama aache kutia mayi mu ile maua. Itaoza!"

"Nitamuambia, Baba Paulin."

Kesho yake maji yaliongezeka. Akatuma tena, kwa ukali. Yakaongezeka tena. Albertine alipotoka uani, Gérard alinyemelea sebuleni akauficha mmea juu ya kabati; jioni, akipita nje, akauona umerudi dirishani, unachuruzika. Nusura apige ukuta ngumi.

Jumapili, mama mkwe akiwa uani, aliingia tena. Aligusa jani, likabaki mkononi, limeoza shinani, linanuka. Na jani la mmea huu hata ukilipanda, kinachoota ni kijani kitupu. Ile njano haihami na jani. Kilichobaki kizima ni chipukizi kimoja tu pembeni ya kopo. Aliking'oa taratibu, akasikia sauti za wanawake zikija sebuleni, akakimbilia jikoni alikokuwa Léonie.

"Na weye unakunywa saa ngapi, Mama?" Feza, jirani yao, alikuwa akiuliza. "Kila siku kikombe yako unatia mu maua."

"Mukwe wangu ananishukuru," alijibu Albertine kwa sauti iliyokauka. "Kila siku Léonie ananiletea neno yake: asante, Mama, unachunga muzuri maua ya ndugu yangu. Batu banakimbia vita, yeye alinipa kitanda. Nimurudishie nini? Ni hii mayi tu."

Gérard alimgeukia mkewe. "Ulimuambia nini?"

"Ningemuambia nini?" Léonie alinong'ona. "Makelele ya mukwe itoke mu kinywa ya mutoto wake?"

Hasira ilimpanda, kisha ikakosa pa kwenda. Kila karipio lake lilifika likiwa shukrani; wiki nzima alikuwa akimnyima bibi huyu maji kwa kinywa chake mwenyewe, na bibi akishukuru.

Alisogea mlangoni mwa sebule, akasimama, mgongo kwao, chipukizi kimefumbatwa kiganjani.

"Mama," alisema. Feza akaguna kwa mshangao. "Asante. Ile maua haitaki tena mayi. Kikombe yako, unywe."

Kisha, nyuma yake, sauti ya woga:

"Hata kidogo, mukwe?"

"Hata kidogo, Mama."

Alisikia kikombe kikiinuliwa, akamsikia akinywa, mafunda marefu, hadi mwisho.