Miche Iliyofuata Baridi

Tuda alikuwa akimwagilia miche ya mierezi nyuma ya zizi alipoona makopo matatu ni matupu. Alama za mizizi zilielekea mlimani. Alizirushia maji, maana udongo ulikuwa umekauka, kisha akaenda kukanda mkate.

Miche ya siku hizi ilirefuka upesi. Bwana miti alisema hewa ukaa imejaa angani, inailisha mpaka inavimbiwa, mizizi ikibaki mifupi. Theluji ilikuwa imekoma na joto halina adabu. Miche ikaamua kuhamia juu, kama wachungaji.

Mmoja haukutoka koponi. Huo Tuda aliuhamisha kutoka kaburi la Hadda, binti yake aliyekufa kwa joto kiangazi kilichopita, na ulizungumza kwa sauti yake.

"Mama, nami naondoka. Hapa nitakufa tena."

Tuda alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Aliung'oa mwenyewe, akaupakata, akashika njia.

Lakini malisho ya juu yalikuwa yamefungwa. Kila mwaka baraza la kijiji huyafunga mpaka nyasi zikomae, na anayewahi kuingia huchinja kondoo awalishe wazee. Bassu, mlinzi wa malisho, alimsimamisha mpakani. Ile mitatu iliyotoroka alikuwa ameikamata, imo kikapuni mwake.

"Mama Hadda, unakwenda wapi na binti yako?"

"Kwenye baridi. Wala hali nyasi, Bassu."

"Leo mti. Kesho mbuzi wa shemeji yangu naye atasema anasikia joto. Ngojeni siku ya kufungua, kama watu wote."

Wazee wa baraza walimuunga mkono. Walikunywa chai, wakamuulizia Hadda hali yake, wakasema sheria iliyoulinda mlima tangu enzi za babu zao haiwezi kuvunjwa na vijiti.

Tuda aliirudisha nyumbani miche yote minne, akaifunga kwa kamba ya sufu isitoroke. Akaimwagilia. Ilikauka mmoja mmoja, ikianzia nchani.

Siku ya kufungua, kijiji kizima kilipanda na kondoo, wanawake wakipiga vigelegele. Tuda alipanda na ule wa Hadda peke yake, umebaki kijani kidogo tu. Malishoni kulikuwa na joto. Akapita, akaendelea hadi kileleni, na huko nako upepo ulikuwa wa moto.

"Mama, kuna juu zaidi?"

Tuda alitazama. Kulikuwa na anga.

"Hakuna, mwanangu. Hapa ndio mwisho."

"Basi nipande hapahapa udongoni."

Akachimba kwa vidole penye udongo kidogo kati ya mawe, akaupanda, akakaa kuukinga na jua kwa shuka lake. Chini yao, Bassu alikuwa akiwatangazia watu siku ya kufunga malisho mwaka ujao. Ilikuwa ileile ya miaka yote.