Kichwa cha Shangazi

Kichwa kimoja kikisukwa na watu wawili, mikono yao lazima isikilizane. Mmoja akivuta sana na mwenzake akilegeza, kichwa kitatoka kama nyumba iliyojengwa na mafundi waliogombana. Ndiyo maana saluni ile ndogo, yenye kioo kilichopasuka pembeni na kiti kilichotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, haikukosa wateja. Sindano alisuka kushoto, Kengele kulia, na hawakuhitaji hata kuangaliana.

Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake, na kwa kuwa alikuwa hasemi sana, ila akisema anachoma. Kengele jina lilimtosha, halikuhitaji maelezo. Tangu utoto walikaa benchi moja kanisani, wakishika kitabu kimoja cha nyimbo, kila mmoja upande wake.

Asubuhi hiyo kichwa kilikuwa cha mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye binti wa kaka yake alikuwa anaolewa kesho yake. Alijitangaza tangu mlangoni kwamba yeye ndiye shangazi mwenyewe, na shangazi wa bibi harusi hashindwi kichwa na mtu ukumbini.

Walikuwa wamefika nusu aliponyanyua macho kwenye kioo, akamtazama Sindano kwa huruma.

"Kumbe ndiwe wewe, mwanangu? Jumapili kikundi chetu cha maombi tulikuombea mpaka magoti yakafa ganzi. Usiogope. Mtu kushindwa kusali si mwisho wa dunia. Mungu atakurudia."

Vidole vya Sindano vikasimama.

Tangu amzike mama yake alikuwa hawezi kusali. Akipiga magoti, anaona sakafu tu. Na yeye ndiye aliyewafundisha watoto wadogo wa kanisa sala zao! Jambo hilo alikuwa amemwambia mtu mmoja, chumba cha nyuma, wakifua taulo. Siku ile Kengele hakusema neno. Alimsogezea ndoo, wakafua pamoja mpaka taulo zikaisha, na Sindano akalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu msiba. Imani ilikuwa imemwacha njiani, haya. Lakini rafiki alikuwa bado anatembea naye.

"Nani aliwaambia?" aliuliza.

Kengele akaanza kuchana nywele zilizokwisha kuchanwa. "Sikutaja jina," alisema.

"Kweli hakutaja," shangazi akamtetea. "Alisema tu mwenzangu wa saluni. Sasa saluni yenyewe ina wasusi wangapi, kama si nyie wawili?"

Sindano akakamata fungu la nywele, akavuta.

"Uwi! Mama yangu!"

"Nilikwambia wewe, Kengele. Sikuliambia kanisa."

"Nilikuombea peke yangu wiki baada ya wiki, nikaona hakuna kitu. Nikaogopa. Si tunafundishwa tubebane?"

"Kunibeba ndiyo kunitembeza uchi?" Akavuta tena.

"Jamani, mimi nina ngozi!" shangazi akalia. "Gombaneni kwa midomo, mikono iacheni!"

"Ulitaka nifanye nini?" Kengele naye sauti ilianza kupanda. "Nikae tu, nikutazame unapotea?"

"Ndiyo! Ukae! Siku ile ulikaa, nikapona nusu. Nilikuomba maombi mimi? Nilikuwa na taulo, nilikuwa na wewe, ikanitosha. Sasa nikiingia kanisani kila mtu atanitazama kama kifaranga aliyelowa. Mama wa wale watoto wamo kwenye kikundi hicho hicho. Unadhani wataniachia watoto wao?"

Kengele aliacha kuchana. Safari hii kengele ilikosa ulimi.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Sikusamehe."

Sindano akatupa kitana mezani, akaingia chumba cha nyuma, akaipiga ndoo teke. Ndoo ikagonga ukuta, ikarudi ikizunguka. Hata hilo halikumtosha. Akashika kiuno, akainua uso.

"Na wewe!" alifoka. "Na wewe nawe! Mama yangu umemchukua. Nikikuita, kimya. Nimebaki na mtu mmoja, mmoja tu, na huyo naye unamwacha aniuze kwa jina lako! Nimekukosea nini? Sema basi! Au na wewe umekosa ulimi?"

Ndoo ikamaliza kuzunguka, ikatulia. Sindano akabaki ameshika kiuno. Mle ndani hamkuwa na mtu. Miezi yote ile alikuwa ametafuta maneno ya upole asiyapate. Haya ya hasira yalikuwa yametoka yenyewe, na yalijua yanakokwenda.

Dari halikujibu. Hasira nayo haikupungua hata chembe. Lakini ugomvi ni ugomvi, na kichwa cha mtu hakiachwi nusu. Akafuta uso kwa kanga ya kiunoni, akarudi.

Shangazi alikuwa anajikagua kwenye kioo. Upande wa kushoto ulikuwa umekazwa hadi nyusi imepanda. Wa kulia ulikuwa umening'inia.

"Huku nashangaa, huku nasinzia," alisema. "Kesho naingia na uso upi?"

Hakuna aliyecheka. Sindano akaanza kufumua upande wake. Upande wa pili, bila kuambiwa, Kengele naye akafumua wake.

"Jumapili nitasimama niwaambie nilikosea."

"Jumapili utanyamaza. Watoto nitakwenda kuwafundisha mwenyewe. Anayetaka kunitazama, anitazame."

"Tutakwenda pamoja?"

Sindano alifumua msuko mzima kabla ya kujibu. "Utakaa upande wako wa benchi."

Wakaanza upya, kuanzia penye paji la uso. Mara ya kwanza mikono haikusikilizana. Ilibidi mmoja angoje, mwingine afuate. Shangazi, kwa woga, hakuthubutu kutaja hata hali ya hewa.

"Huko nyuma," Kengele akauliza taratibu, "ulikuwa unafokeana na nani?"

Sindano akamtazama kwenye kioo. Mdomo ule aliupenda tangu utoto, na sasa alikuwa anaujua.

"Na ndoo," alisema, akachukua fungu jingine la nywele.