Miji Aliyoitoa Tulinagwe

Kitendawili! Sema tega, nami nakutegea: nyumba yangu ina mlango lakini haina ukuta, ina mlinzi lakini haina mali, wageni wake wote huja mbio, na kazi ya mwenyeji ni kuwarudisha walikotoka. Fikiri taratibu, sina haraka. Umeshindwa? Basi nipe mji, maana ndivyo tulivyolelewa, asiyejua jibu hutoa mji, na aliyetega huenda huko akala na kulala apendavyo. Haya, umenipa Tabora. Nimekwenda Tabora, nimelamba asali, nimerudi. Jibu ni goli la mpira. Na bibi ninayekusimulia habari zake analijua jibu hilo kuliko mimi na wewe, kwa sababu kizingiti cha nyumba hiyo alikuwa akikichora yeye.

Jina lake Tulinagwe, wa kule kwenye milima ya Rungwe ambako mvua haijui likizo. Mchana huu ameketi kando ya kitanda cha mumewe, Mwalimu Ambakisye, ambaye miguu imemkataa tangu mwaka juzi. Amemlisha, amemgeuza, amemfuta, amemfulia, amemgeuza tena, na sasa mgongo wa bibi umechoka, macho yamechoka, hata pete kidoleni imechoka. Ni saa nane. Saa kumi watakuja vijana wa chuo cha ualimu. Hapo zamani, mwaka wa pili tangu chuo hicho kifunguliwe, wanafunzi wake walicheza mechi kumi na moja msimu mmoja na hawakufungwa hata moja, na golikipa wao alikuwa huyu Ambakisye. Wenzake kumi wameshatangulia mbele ya haki. Chuo kinataka kusimamisha jiwe getini, lenye majina yao na neno moja kubwa, HAWAKUFUNGWA, na aliyebaki hai atie sahihi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Karatasi iko mezani tangu Jumatatu. Mzee haitii sahihi, wala usingizi haupati.

Mama Lugano, anaita. Abee. Nikuulize. Uliza, baba. Siku ile ya mechi ya mwisho, ule mstari wa goli uliuchora wapi?

Na Tulinagwe anajibu kama alivyojibu kila alipoulizwa kwa miaka hamsini na minane: Nimeshindwa, baba Lugano, nakupa mji. Mji gani? Nakupa Njombe. Njombe ulinipa mwaka aliozaliwa Lugano. Basi chukua Kigoma. Zamani hapo wote wawili walikuwa wakicheka, na anayecheka hadaiwi jibu. Leo mzee hacheki. Anasema, Siwezi kuandikisha kwenye jiwe jambo ambalo mke wangu hawezi kulitamka kwa mdomo, kisha anageuzia ukuta uso wake. Tulinagwe anafumba macho kidogo tu, kidogo cha kupumzisha kope, na kope zinapogusana anaona miguuni pake mstari mweupe wa majivu, umenyooka, umetulia kama kizingiti, naye anauvuka.

Upande wa pili ni barabara, na barabara yenyewe ni ule mstari, mweupe, hauna mwanzo wala kona, na mkononi mwake amebeba ndoo ya majivu na lile kopo lililotobolewa matundu kwa msumari, kopo la enzi zile alipokuwa binti wa jikoni pale chuoni, anachota majivu ya mafiga, anayachekecha, anachorea uwanja. Mgongo bado unamuuma, kwa hiyo anasema moyoni, hii si ndoto, ndotoni mgongo hauumi. Anatembea, na kila akitembea barabara inarudi nyuma yake na kujipanga tena mbele, na mbele yake anawaona watu kumi na mmoja wanakwenda kwa safu, wamevaa fulana za rangi ya chai, maana chuo hakikuwa na fulana wakazichovya zao kwenye majani ya chai. Anawakimbilia. Wanageuka. Hawana nyuso. Mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama goti la mtoto. Lakini wa mbele, mwenye mpira kwapani, anamjua kwa mwendo wake wa kunesa, ni Gwakisa, aliyekuwa kapteni na mtani wao.

Shemeji, umezeeka! anasema Gwakisa, na sauti inatoka kifuani. Mimi nimezeeka, wewe huna hata pua, kati yetu nani ana nafuu? Safu nzima inacheka kicheko kidogo, cha watu wenye njaa ya kulala. Mnakwenda wapi? anauliza. Kwenye mechi. Mechi ya ngapi? Ya kumi na mbili, au ya elfu na mbili, wa kuhesabu alishachoka. Na mtapumzika lini? Gwakisa anahamisha mpira kwapa la pili na kusema, Kitendawili, shemeji. Tega. Kidogo kama unyayo wa mwanamke, lakini wanaume kumi na mmoja wanakizunguka tangu ujana wao na hawajafika mwisho wake.

Jibu analijua, linamkaa ulimini kama punje ya chumvi. Nimeshindwa, anasema. Toa mji. Nakupa Iringa. Na papo hapo Iringa inasimama mbele yao juu ya vilima vyake, lakini ni Iringa inayojitazama yenyewe, kila nyumba imeelekeana na mwenzake, kila mtu dirishani amemwelekea mtu wa sura ile ile, magoli mawili katikati yanaangaliana kama pacha waliogombana. Shemeji, chora. Anainama, anachora. Wanacheza, wanashinda, maana hawajui kufungwa, na watu wa pande zote mbili wanapiga makofi kwa mkono mmoja, kwa hiyo makofi hayasikiki. Hakuna anayembeba mfungaji. Wanaokota mpira wao, wanatoka upande wa pili wa mji, na barabara ni ile ile, na Iringa haipo tena, hata akijaribu kukumbuka soko lake lilikaa wapi Tulinagwe hakumbuki.

Kitendawili, shemeji. Kile kile. Nimeshindwa, nakupa Dodoma. Anachora, wanashinda, Dodoma inafutika. Nimeshindwa, nakupa Singida, nakupa Songea, nakupa Lindi na minazi yake. Kila mji ni kioo, kila kioo kina magoli mawili, na kila mara anainama na kopo lake, na majivu kwenye ndoo hayapungui, na yeye anatamani yapungue. Fulana zimechakaa mabegani. Mpira umelewa maji umekuwa mzito kama kiroba cha mahindi, wanaubeba kwa zamu. Mmoja anatembea huku amelala, mwenzake anamwongoza kwa kiwiko. Jamani, si mmeshinda? anawaambia, kaeni chini basi. Wanamjibu kwa pamoja, kwa upole, kama watu wanaomfundisha mtoto: Timu isiyofungwa msimu wake hauishi, shemeji. Tufungwe ndipo tukae.

Ndipo mvua inaanza, na harufu ya mvua hiyo anaijua. Hajataja mji wowote, lakini uwanja huu hapa, ule wa chuo, wenye mteremko upande wa jikoni, na milingoti ya goli waliyoikata wenyewe msituni. Ni mechi ya kumi na moja, wageni ni wa chuo cha ziwani, bao moja kwa bao moja, ni mapumziko, na mvua imefuta mistari yote. Binti, nenda kachore upya, refa anasema, miwani yake imejaa matone. Na binti ni yeye, ana miaka kumi na tisa, na wiki tatu nyuma golikipa amemwambia kwenye ngazi za jikoni, Tukimaliza msimu huu bila kufungwa, nitamtuma mshenga kwenu. Hakusema, Tukifungwa je? Naye hakuuliza. Kwa hiyo anakwenda kwenye goli la kwao, anapima kwa mguu wake, na mahali ambapo mstari unapaswa kupita katikati ya milingoti anarudi nyuma unyayo mmoja na kidole gumba. Majivu yanashika kwenye tope. Hakuna anayetazama, nani atamtazama mtoto wa jikoni? Na dakika za mwisho mpira unakuja, unampita Ambakisye, unaingia wote katikati ya milingoti na kunasa kwenye dimbwi, bwaa, mbele ya majivu. Ambakisye anaulalia. Refa anakimbia, anainama, anautazama mstari, hatazami milingoti. Anasema, Haujavuka, chezeni.

Sasa golikipa anainuka kutoka dimbwini, na yeye pia hana uso, tope tu. Uliuchora wapi? anauliza. Hii ndiyo sauti ya kitandani, ya kila mwaka. Na Tulinagwe, kwa sababu amechoka, kwa sababu hapa hakuna wa kumwonea haya, anauliza lile swali lake ambalo hajawahi kulitoa mdomoni: Na kama mngefungwa, wewe, ungenioa? Golikipa anapangusa tope viganjani, matone yanamdondoka viwikoni. Kitendawili, anasema. Tega. Ametoka kabla ya ngoma, amefika baada ya ngoma, na ngoma yenyewe hakuiona. Tulinagwe anafikiri, anafikiri, na safari hii hajui, hajui kwelikweli. Nimeshindwa. Toa mji. Anapekua kichwa chake kama mtu anayekung'uta debe la unga. Tabora, Mwanza, Kigoma, yote ameshatoa. Kimebaki kijiji kimoja cha nyumba moja, yenye kitanda, na kiti kando ya kitanda, na mzee aliyegeukia ukuta. Toa huo, wanasema wote kumi na mmoja. Huo sitoi, anasema. Basi jibu. Kulijibu hawezi, kwa hiyo anafanya awezalo, anachukua kopo, anakwenda kwenye goli na kuchora mstari mpya, katikati ya milingoti, mlingoti kwa mlingoti, pale ulipostahili kuwa, na mpira kwenye dimbwi unabaki ndani. Gwakisa anautazama. Kumbe, anasema, na anakaa chini kwenye majani. Mwenzake anakaa. Wa tatu anakaa, anaanza kusugua nyayo zake. Wanakaa mmoja mmoja, taratibu, kwa kuguna, kama wazee waliofika kwao, na mvua inawapiga na hawajali, na sauti ya mvua inakuwa sauti ya bati.

Bati la nani? Tulinagwe amefumbua macho, au ameyafumba upande ule akayafumbua upande huu. Mvua inanyesha. Vidole vyake vya miguu vina majivu. Asubuhi alizoa majivu ya mafiga, anakumbuka, au ilikuwa jana, au hakuzoa. Mgongo unauma, lakini hata kule uliuma. Kwa mzee anayelala kitandani anaogopa kutazama, asije akakuta goti la mtoto. Anatazama. Uso upo, na mikunjo yake yote, umemgeukia, macho wazi. Uliota, mama Lugano, ulikuwa unataja miji. Ilikwisha, anasema, miji yangu yote imekwisha. Na papo hapo analitoa: Mstari ulikuwa nyuma ya milingoti. Unyayo wangu mmoja na kidole gumba. Mlifungwa, baba Lugano, nikawafichia.

Mzee anashusha pumzi ndefu, ndefu kama ya mtu anayeshusha mzigo wa kuni mlangoni. Nilijua, anasema. Mlingoti ulikuwa mbele ya bega langu. Lakini nilijua peke yangu, na kujua peke yako si kulala. Anaunyosha mkono. Hiyo karatasi wakija nitawaambia wafute lile neno. Waandike tulicheza mechi kumi na moja, tukachoka.

Nje kuna watu wanapangusa viatu barazani, vijana wa chuo, au wengine. Hodi, wanasema. Hakuna anayeitikia bado. Tulinagwe ameushika ule mkono mkavu, mkono wa golikipa, na anauliza kwa sauti, hajui ni mara ya kwanza au ya pili: Na kama ingejulikana lile ni bao, mkafungwa, ungemtuma mshenga? Maana alifika kwetu Jumatatu jioni, mimi nikahesabu, nikasema ameondoka Jumapili, baada ya mechi.

Mwalimu Ambakisye anafumba macho, usingizi umeshamfika kwenye nyusi.

Yule mshenga, Mzee Mwaisumo, mvua ilimlaza njiani siku mbili, anasema. Nilimtuma Jumamosi alfajiri, mama Lugano. Hata mpira ulikuwa haujajazwa upepo.