Kitufe cha Ghairi

Mama mkwe wangu alikuwa afukuzwe kazi mchana ule, na mimi nilijua kosa halikuwa lake. Kilichonikosesha raha ni kwamba sikuwa na ushahidi hata chembe.

Yeye ni karani wa maabara ya hospitali. Majibu ya vipimo yanakaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, na kompyuta zote huandika humo. Ili watu wawili wasivamie faili moja kwa pamoja, kompyuta huomba kwanza kufuli la faili hilo. Ukipewa unaandika, na mwenzako anasubiri nje kama watu wa nyumba ya kupanga yenye bafu moja. Programu ya makufuli hayo naitunza mimi. Sasa majibu ya wagonjwa yalikuwa yanafutika, na kila faili lililoharibika lilionyesha kwamba mama amepita humo. Mkuu wa maabara akaamua kwamba mama anachezea kazi za wenzake.

Nilipomtetea, mkuu alinitazama juu chini. "Wewe si mkwe wake? Ungesema nini kingine?"

Nilichemka, nikarudi kwenye kompyuta yangu. Tangu asubuhi nilikuwa nasaka hitilafu kwenye programu yangu, nayo ilikuwa inanipiga chenga. Nikiongeza mistari ya kuchungulia kinachotokea ndani, programu inapunguza mwendo kidogo na hitilafu inatulia tuli. Nikiitoa, faili linaharibika na mimi sijaona kitu. Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani.

Mke wangu akapiga simu. "Umekula?"

"Nile saa ngapi? Natafuta kinachotokea kompyuta ya mama yako ikisubiri zamu."

"Mama? Asubiri?" Akaangua kicheko. "Mama hasubiri hata maji ya chai yachemke. Mtaa mzima unamwita Chapuchapu, umesahau?"

Nilikata simu bila kuaga. Kwenye dirisha la kusubiri, lile linalotokea kwenye kioo mpaka zamu yako ifike, kuna kitufe cha Ghairi. Makarani wengine hukiacha. Mama anakibonyeza, anaomba upya, anabonyeza tena. Ikitokea seva imemtumia "zamu yako" wakati Ghairi yake iko njiani, jumbe hizo mbili zinapishana. Seva inapokea Ghairi, inampa mwingine kufuli. Kompyuta ya mama nayo inapokea "zamu yako", inafungua faili. Wote wawili wanaandika, na anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake.

Nikawaomba mkuu na afisa utumishi waje maabara wajionee. Mama alikuwa amelipiga pasi hadi koti la kazi. Karani mwenzake alikaa kwenye kompyuta ya pili, kazi yake ikiwa kulifunga faili na kuliomba tena papo hapo, kama siku yenye wagonjwa wengi.

"Mama, lifungue kama kawaida."

Akaomba. Dirisha la kusubiri likatokea. Mama akaweka mikono mapajani, ametulia kama maji ya mtungi, mpaka zamu yake ikafika. Hakuna kilichoharibika. Tukarudia, mambo yakawa yaleyale. Mkuu akafunika kalamu yake. "Basi, tumeona."

Mama alikuwa anaonyesha adabu mbele ya wakubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa inampeleka nje. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwambia hata kwamba chumvi imezidi.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Hivi sivyo unavyofanya. Wewe huna subira. Fanya kama ulivyo nyumbani."

Aligeuka akanitazama, na niliona aibu ikimpanda usoni. Kisha hasira zote akazihamishia kwenye kitufe. Ghairi. Omba. Ghairi. Omba. Ghairi.

"Limefunguka," akasema mama.

"Hata kwangu," akasema karani mwenzake.

Mkuu aliinama kwenye kioo cha kwanza, akahamia cha pili, akarudi cha kwanza. "Kwa wote wawili?"

"Kwa wote wawili," nikamjibu.

Nilichobadilisha kilikuwa mistari michache tu ya programu. Sasa seva ikishatoa kufuli, haimpi mwingine mpaka kompyuta iliyopewa ijibu yenyewe kwamba imelirudisha. Mama alibonyeza Ghairi mpaka kidole kikachoka, na faili halikufunguka kwa wawili tena. Mkuu akamwomba radhi, akamrudisha kwenye kiti chake. Mimi mama hakunitazama.

Jumapili tulikwenda kwake. Nilimkuta jikoni, nikamwamkia, akaitikia. Birika lilikuwa motoni. Alikuwa amesimama kando yake, ametulia kama alivyotulia mbele ya wale wakubwa.

"Nikusaidie, mama?"

"Kaa tu, mkwe wangu. Nasubiri yachemke."

Akasubiri kweli, mpaka kifuniko kikaanza kugonga. Akanimiminia kikombe, akakiweka mbele yangu, na mimi nilikishika mpaka kikapoa. Sikuweza kuinywa ile chai.